Waliomezwa Ghalani

Bariadi habari haisubiri mwenyewe aamke. Generoza alikuwa sokoni, hata dagaa hajatia kapuni, muuza nyanya alipomwambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba: "Mama Ghala, tumesikia. Sasa utahamia wapi?"

"Nihamie wapi tena, na mimi sijachoka kukaa?"

"Kumbe hujaambiwa." Muuza nyanya akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea, maana neno tamu haliliwi kwa mbali. "Januarius karudi kutoka Mwanza. Ana jenereta, ana deki, ana televisheni kubwa kama kabati la bibi harusi. Analitaka ghala afanye ukumbi wa video. Na chama kimeshampa kiti."

Generoza akacheka, kwa sababu sokoni ukipigwa kofi unacheka kwanza, maumivu unayabeba nyumbani. Akasema, Januarius yule yule aliyekuwa akipiga ngoma kama anayeua nyoka? Wanawake wakacheka naye. Lakini alipofika njia panda ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, aligundua dagaa wamebaki sokoni, na hakukumbuka hata kama aliaga.

Ghala lilikuwa mali ya chama cha msingi cha ushirika. Miaka ya nyuma pamba ya vijiji vyote vya upande ule ililundikwa humo mpaka ikagusa mabati, na mume wa Generoza ndiye aliyekuwa karani wake. Kisha serikali ikafungua milango. Makampuni binafsi yakaja na mizani yao, kila moja chini ya turubai lake kando ya barabara, wakulima wakaenda huko, ghala likabaki na popo. Karani akafa mwaka uleule. Wengine walisema presha, wengine walisema kazi ilimkimbia naye akaifuata. Ndugu zake walikuja kutoka Binza wakaichukua nyumba kwa heshima zote, wakimwita shemeji mpaka kwenye kitasa cha mwisho.

Generoza akahamia chumba cha karani, kile cha pembeni ya ghala chenye kidirisha cha kupokelea stakabadhi. Na kwa kuwa hakuzaliwa mtu wa kukaa peke yake, akaanza kuita watu. Wakaja waliopunguzwa kazi jineri, wakaja wajane wenzake, akaja Luhende, fundi wa kufunga marobota ya pamba, mtu mkimya mwenye mikono kama majembe. Wakawa kikundi cha ngoma na maigizo. Walialikwa kwenye harusi za wenye ng'ombe, kwenye kipaimara, na kila alipopita mgeni wa serikali. Kushiba hawakushiba sana, ila walikuwa na pa kutaniana.

Akilikosa ghala, palibaki mahali pamoja tu pa kwenda: Kiloleli, kwa kaka yake. Na huko wifi yake alikwisha kusema kisimani, mbele ya watu, kwamba boma lake si zizi la wajane.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Mwandu, ujanani alikuwa manju, kiongozi wa ngoma aliyevuta watu kutoka Lagangabilili mpaka ziwani. Aliwaita wote wawili kivulini mwa ghala.

"Mwadila, baba," Generoza akasalimu kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo.

"Mwadila, mayu. Keti." Mzee akamtazama Januarius, aliyevaa suruali ya jinzi na miwani ya jua aliyoipandisha kichwani. "Na wewe keti, hizo jinzi zitakunjika tu. Sikilizeni. Wajumbe wanataka mwenye mali. Mimi nataka mwenye watu. Ghala bila watu ni banda la popo."

"Sina neno, mzee," Januarius akasema. "Dada Gene aonyeshe, na mimi nionyeshe. Sasa hivi ni soko huria."

"Mimi ndiye niliyekushikisha kijiti cha ngoma, Janu," Generoza akasema.

"Ndiyo, dada. Na siku mke wangu aliponikimbia, ni wewe uliyeitangaza habari sokoni kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani. Nakushukuru kwa yote mawili."

Mzee Mwandu akakohoa kuzima moto. Akasema watafanya kama wazee walivyofanya siku zote. Usukumani ngoma mbili hupambanishwa uwanja mmoja, saa ileile, kila moja na vituko vyake. Hakuna mwamuzi wala kura. Watu wenyewe ndio kura, na miguu ndiyo inayosema. Generoza atakuwa ndani ya ghala, Januarius atajenga banda lake uwanjani. "Jua likigusa paa la jineri, napiga ngoma yangu. Nitakapoipiga, popote watu walipo, mwenye watu hao nampa ufunguo. Aliyekuwa nao mchana akawapoteza jioni, asinililie."

Ikawa hivyo. Mji mzima ukajua kabla hawajainuka vitini.

Kesho yake Januarius akaleta jenereta, akaiweka nyuma ya ukuta wa ghala, eti anaijaribu. Iliunguruma kutwa. Kikundi kilikuwa ndani kikirudia lile igizo lao la mke mwenza na chungu, watu hulipenda kwa ajili ya matusi yake, lakini siku hiyo hapakusikika tusi hata moja.

"Hata nikikutukana hunisikii," Luhende akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema shikamoo."

Generoza akawatuma wanawake wakaombe jenereta isogezwe. Wakarudi na jibu kwamba uwanja ni wa wote. Wakajaribu kupaza sauti, koo zikakauka, mmoja akaanza kutema mate yenye damu, mwingine akakaa chini akasema bora aende akapalilie dengu za watu. Ngoma tu ndiyo iliyosikika, tena kwa kuisikia kifuani zaidi kuliko masikioni. Generoza alikaa juu ya mizani ya zamani akila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hatafuni, anaimung'unya tu. Alihisi kama mtu aliyeshikwa mdomo. Na yeye, ukimshika mdomo, umebakiza nini?

"Hadithi gani," akauliza mwisho, karibu na sikio la Luhende, "ambayo watu wetu wanaijua hata wakiwa viziwi?"

Luhende hakufikiri. Akapanua mikono, akapanua mdomo, akaiga kumeza.

Shing'weng'we. Zimwi. Nani hapo hakulelewa nalo? Zimwi linakuja, linameza watu wote wa nchi, na ng'ombe, na mbuzi, na mbwa, anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba za mtama. Anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anauliza watu wa nchi hii wako wapi, anaenda kuliua zimwi, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai. Na katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi mmoja aliyekuwa humo, ambaye badala ya kushukuru anataka kumlaani mwokozi wake, mpaka kijana apige magoti amtibu na kumwomba radhi. Hadithi hiyo hata ng'ombe wangeweza kuisimulia. Maneno ya nini?

"Tutaicheza kibubu," Generoza akasema. "Bila neno hata moja. Akitaka, alete na treni aiwashe hapo ukutani."

Usoni pake pakarudi damu. Na likifunguka lango moja la akili, ng'ombe wote hutoka. Zimwi wasilitengeneze, zimwi liko tayari: ni ghala lenyewe. Ule mlango mkubwa wa malori ndio kinywa. Watazamaji wasikae kutazama wengine wakimezwa, wamezwe wao. Wakaunda kichwa juu ya mlango kwa mipira ya matairi ya trekta, macho wakaweka taa mbovu za lori, meno wakachonga kwa vibuyu. Ulimi ulikuwa blanketi jekundu la marehemu karani; Generoza alilitoa mwenyewe kitandani. Kwa ndani ya mlango wakashona pazia la magunia ya pamba yaliyokwisha kazi, zito, safu mbili, wakitumia shazia, sindano ya magunia, na uzi wa katani. Watu wakishaingia, pazia linaanguka, tumbo linajifunga.

Ndani wangeonyeshwa maisha ya tumboni: watu waliomezwa zamani ambao wameshazoea. Wanaoana humo, wanalima, wanagombana mipaka, na mnunuzi wa pamba naye yumo, anapima kwa mizani huku goti lake likiwa juu ya sahani. Generoza angecheza bibi wa sikio. Luhende, kijana mwokozi, angekaa nje ya pazia na kisu, kamba imefungwa kifundoni mwa mkono wake na kupitishwa ndani, kwa sababu kwa kelele zile asingesikia ishara yoyote. Kamba ikivutwa, anapasua. Kisu kilikuwa cha kweli, cha kuchinjia, maana magunia yale hayasikii kisu cha mti.

Walifanya mazoezi kila siku. Walikata pazia, wakalishona, wakalikata tena. Walitoka tumboni wakishangilia, wakirusha mikono, wakienda zao kwenye uwanja mtupu kupumua. Hakuna aliyeona kasoro. Wacheza ngoma wote wa kikundi kile, watu waliokulia kwenye mapambano ya uwanjani, hawakuona, kwa sababu walikuwa wakifanya mazoezi bila watu, na hadithi waliifuata kama ng'ombe afuatavyo njia ya kisima.

Siku yenyewe, kabla ya adhuhuri, Januarius aling'oa banda lake la maturubai. Lilikuwa pembeni, karibu na barabara. Akalisogeza mpaka likatazamana uso kwa uso na mlango wa ghala.

"Anataka kutuharibia kinywa," wanawake wakasema.

"Mwacheni," Generoza akasema. "Mwenye njaa hukaa karibu na jiko la mwenzake."

Watu wakaja. Walikuja kwa baiskeli na kwa miguu, walikuja kutoka vijijini na watoto mgongoni, wenye kilemba cha kanisani na wenye hirizi mkononi. Januarius aliwasha televisheni ndani ya banda lake jeusi, wanaume wakarushiana mateke humo, na vijana kadhaa wakaingia. Lakini jua lilikuwa kali, turubai linachoma kama kikaango, na huku ng'ambo zimwi limepanua kinywa, mtu wa ngoma anapiga, na shangazi yako umemwona kwa macho yako akinyakuliwa na mikono miwili myeusi kutoka kinywani, akaenda huku anapiga kelele na kucheka. Nani angebaki? Wakapanga mstari kwenye ulimi. Watu walisukumana kumezwa. Mlevi mmoja alimezwa, akajipenyeza nje kando ya ulimi, akarudi kumezwa tena. Hata wale vijana wa video wakatoka mmojammoja, wakajidai wanaenda kukojoa.

Generoza, kajitanda shuka jeusi, kajipaka majivu usoni, aliwatazama wakijaa. Walijaa mpaka kwenye mizani, walijaa mpaka ukutani, watoto wamebebwa mabegani. Alisikia joto la watu likimpanda miguuni kama mtu anayeingia maji ya uvuguvugu. Tangu pamba iondoke ghala halijawahi kujaa vile. Pazia likaanguka. Giza, miali hafifu ya taa za chemli, kicheko kimoja kikubwa. Kibubu kikaanza.

Na kilienda vizuri, tusidanganyane. Mnunuzi wa pamba alipoweka goti kwenye mizani watu walilia kwa kucheka. Mzee mmoja alitoka mahali pake kwenda kumwondoa goti kwa mkono wake. Arusi ya tumboni ilipata vigelegele. Generoza na sikio lake alilolifunika kwa mkono tangu mwanzo, kana kwamba anajua litakalolipata, aliwafanya watu wacheke kila alipogeuka.

Alienda kwenye pazia kuichukua kamba. Ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho tu. Palikuwa na tundu kwenye gunia, akaweka jicho, amwone Luhende kama yuko tayari.

Luhende alikuwapo, amechutama na kisu chake. Nyuma yake uwanja ulikuwa umebadilika. Jua lilikuwa limeshuka upande wa pili, na kivuli cha ghala kilikuwa kimeanguka chote uwanjani, kipana, cheusi, mpaka kwenye banda. Januarius alikuwa ameyaondoa maturubai yote. Televisheni ilikuwa wazi juu ya meza, ndani ya kivuli cha ghala la Generoza, inang'aa kama moto wa nyikani. Ameweka mabenchi. Mabenchi matupu, yamepangwa kuelekea huko, migongo kwa zimwi. Na kwenye kona Mzee Mwandu ameshatoa ngoma yake, ameiegemeza gotini, anatazama jua.

Januarius alikaa mezani, anangoja. Hana haraka. Alikuwa kama mtu aliyetega mtego kwenye njia ya panya akaenda kuoga.

Hapo ndipo Generoza alipoelewa. Janu aliijua hadithi. Nani hakuijua? Zimwi lazima lipasuliwe, na waliomezwa lazima watoke. Na yeye Generoza amewakusanya watu wote wa mji, amewafungia wakahemeana, na sasa kwa mkono wake mwenyewe atawamwaga nje, mbele ya benchi la mwenzake, ngoma ikiwa karibu kupigwa.

Akaiachia kamba.

Akarudi katikati. Akawaashiria wacheza arusi warudie arusi. Wakamtazama, hawakuelewa, wakarudia. Watu wakacheka, kidogo. Akaashiria ugomvi wa mpaka urudiwe. Akacheza mwenyewe, bibi kizee akatongozwa na mnunuzi wa pamba, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Jasho lilichora mifereji kwenye majivu. Kichwani alikuwa akilisukuma jua kwa mikono miwili. Shuka, shuka basi, gusa hilo paa.

Joto likaongezeka. Vumbi la pamba ya miaka ile yote, lililolala kwenye mabati, lilianza kushuka na watu wakakohoa. Mtoto akalia, wa pili akamwitikia.

"Na huyo kijana yuko wapi?" mtu akauliza.

"Labda naye kahamia kwenye video," mwingine akasema, na wachache wakacheka.

"Mie nina mtoto mgonjwa hapa, nipisheni."

Wacheza hawakujibu, kwa sababu igizo lilikuwa la kibubu na hakuna aliyewaambia limekwisha. Ukimya wao ukaanza kutisha. Mtu anakuuliza mlango uko wapi, nawe, umejipaka majivu, unamtolea macho tu. Mbele kabisa, juu ya kipande cha gunia, alikuwa amekaa Bibi Kwandu, mkongwe aliyeletwa na wajukuu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Akasema kwa Kisukuma, taratibu, lakini walio karibu wakanyamaza kumsikia, kwamba hadithi hii haiachwi watu wakiwa tumboni. Tangu azaliwe hajasikia aliyeiachia hapo. Mkiiachia hapo, tunalala wapi leo?

Neno hilo likatembea nyuma, kinywa kwa kinywa. Mwanamke akaanza kuita jina la Yesu, mwingine akaishika hirizi yake. Walio nyuma wakasukuma. Wa mbele wakakanyaga taa, ikazimika.

Generoza akakimbilia pazia, akaweka jicho. Jua halijagusa. Mzee Mwandu, mkono juu ya macho, alilipimia kiganja, na bado lilikuwa juu ya paa la jineri kwa upana huo, limekwama hapo kama lina kesi na Generoza.

Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye magunia, akavunja ububu.

"Kaeni kidogo," akasema. Jenereta ikammeza. Akapaza sauti mpaka koo likauma. "Ndugu zangu, kaeni kidogo. Ngoma ya Mzee Mwandu haijalia. Mkitoka sasa nimekosa ghala. Nimekosa kila kitu. Mnanijua. Nani hapa sijamlilia msiba wake? Nani sijamchezea arusi? Kaeni tu mpaka ilie, kisha nendeni mkatazame hata video, sitasema kitu."

Watu wakatazamana. Huenda wangekaa. Wengine walikwisha kuanza kukaa. Lakini sauti ya mwanamume ikatoka gizani, "Kumbe tumefungiwa," na neno hilo lilikuwa na miguu kuliko yote aliyoyasema yeye.

"Tumefungiwa?"

"Si umemsikia. Anatukalisha kwa faida yake."

"Mama Ghala, mtoto wangu hapumui vizuri."

Bibi Kwandu akanyoosha mkono, akamshika Generoza upindo wa shuka. Hakuwa na hasira. "Mayu," akasema, "ungetuomba mlangoni tungekaa. Umetuomba tukiwa tumboni."

Generoza alimtazama. Mama wa mtoto mgonjwa alikuwa amefika mbele sasa, amemwinua mtoto juu ya vichwa vya watu, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelegea kidogo, kimetazama mabati.

Akaishika kamba. Akaivuta.

Luhende alikuwa amengoja muda mrefu mno, na mtu aliyengoja sana hukata kwa nguvu. Kisu kiliingia kwenye magunia juu, kikashuka kwa mlio, mwanga ukaingia, na kikapita kando ya kichwa cha Generoza, ambaye kwenye mazoezi yote alikuwa akisimama hatua kadhaa kutoka hapo. Alisikia ubaridi, kisha joto likamshuka shingoni. Aliposhika sikio, vidole vilirudi vyekundu.

Watu wakatoka. Hawakukimbia wote, wengine walimpita wakamshika bega, mmoja akasema hiyo damu mmeitengeneza vizuri, kama ya kweli. Walitoka wakipepesa macho, wakavuta hewa, wakacheka kwa kunusurika. Na mbele yao, kwenye kivuli kizuri cha jioni, palikuwa na mabenchi na mwanga na wanaume warukao angani. Miguu ikasema. Mama wa mtoto mgonjwa alikuwa wa kwanza kukaa. Mtoto alipata upepo, akaamka, akaanza kutazama.

Ngoma ya Mzee Mwandu ikalia.

Ndani walibaki watatu. Bibi Kwandu, ambaye wajukuu wake walikuwa wamemsahau. Generoza. Na Luhende, amesimama kwenye pengo la magunia, kisu bado mkononi, akilitazama lile sikio. Kisha akakiweka kisu chini, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa mpaka kikagusa sakafu.

Generoza hakujua kama Luhende bado anaigiza au haigizi tena. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki. Bibi wa sikio alitakiwa kuinua mkono kulaani, na kijana kubandika dawa ya majani. Akauinua mkono. Luhende akachana kipande cha shati lake, akakikandamiza sikioni kwa yale majembe yake ya mikono, polepole mno. Mkono wa Generoza ukashuka, ukakaa juu ya kichwa chake.

"Wabeja," Bibi Kwandu akashukuru kutoka kwenye gunia lake. "Sasa imekwisha. Nitafutieni wajukuu wangu."

Mzee Mwandu alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwona alipofika. Alikuwa manju, alijua kusubiri ngoma ya mtu imalizike. Alipoona imemalizika, alivua kofia. "Mayu," akasema, akanyoosha mkono. Generoza akafungua fundo la kanga, akautoa ufunguo, akampa.

Januarius aliingia baada yake, akanyanyua miguu kuukwepa ulimi. Alilitazama ghala juu na chini. Alipoiona damu aliishusha ile miwani, akaifuta kwenye shati bila haja.

"Dada Gene. Hayo magunia yaache, nitayahitaji kuzuia mwanga." Akairudisha miwani kichwani. "Na kile chumba cha karani sina kazi nacho. Nahitaji mtu wa mlangoni, mwenye maneno ya kuwaita watu. Ukitaka."

Luhende akainuka. Akaokota kisu, akakifuta, akamtazama Generoza, akingoja naye amtazame. Generoza alikuwa akitazama nje, migongo ya watu imejaa mabenchi yote, wengine wamesimama, wengine wamepanda juu ya mkokoteni, watu wengi kama siku ya mnada. Alifikiria Kiloleli. Alifikiria njia ya kisimani na wifi yake akitua ndoo.

Luhende alitoka bila kuaga, akalizunguka kundi la watu, akashika njia ya jineri ambako siku hizi hapakuwa na kazi.

Generoza akavuta ule upindo wa shuka, akaufunga kichwani juu ya kitambaa cha Luhende, akaukaza. Kisha akapapasa sakafuni gizani mpaka akalipata shazia, akatunga uzi wa katani, akasimama mbele ya pazia, akaanza kulishona kuanzia juu, akiacha chini nafasi ya mtu kuingia.